"Mama, hazina iko wapi?"

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Portland, Oregon, tulikohamia miaka sita iliyopita. Mimi ni wa Kigoma, mume wangu ni wa Uvira, Kongo. Tunaishi na mama mkwe na watoto watatu: kifunguamimba wa kiume ana miaka 11, wa kati ni binti wa miaka 7, na kitindamimba ana miaka 4, huyo hajui kukaa wala kunyamaza.

Binti ndiye aliyeuleta mchezo huu nyumbani, akitokea shuleni. Wanauita jiokashingi (geocaching). Watu wamefichaficha visanduku kila mahali, kwenye bustani, misituni, hata mjini. Wewe unafuata simu mpaka kilipo, unakitafuta, unaandika jina katika daftari lililomo, na kama ndani kuna vikorokoro vya watoto unachukua kimoja na kuacha kingine. Aliingia ndani macho yamemtoka, neno ni moja tu: hazina, hazina.

Jumamosi ya kwanza tulikwenda Forest Park. Baba yao ndiye aliyechagua kisanduku, akaona cha ndani msituni ndiyo raha. Tulitembea masaa mawili kwenye manyunyu, kitindamimba nimembeba mgongoni kwa kitenge. Kifunguamimba aliing'ang'ania simu kama dereva na usukani, hampi mtu. Simu ikasema tumefika. Tulikizunguka kisiki mpaka tukaona kizunguzungu, hamna kitu.

Jumamosi ya pili nilichagua mimi, cha karibu, kwenye maegesho ya maduka. Tulikipata: kichupa kidogo kuliko kidole gumba, ndani kuna karatasi imeviringishwa kama sigara. Basi. Binti alikipindua, akakitikisa, akaniuliza, "Mama, hazina iko wapi?" Tukasema walau tuandike majina yetu, hatuna kalamu. Akalia mpaka nyumbani. Halafu wakati tunapekuapekua pale kwenye nguzo ya taa, mama mmoja alisimamisha gari akatutazama muda mrefu, simu mkononi. Shangazi, sisi ni watu weusi watano tunachokonoa vitu kwenye maegesho ya watu. Unanielewa.

Jumamosi ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Njia fupi, bustani nzuri, na binti ndiye aliyeona kitu chini ya mzizi. Sanduku la chuma, rangi ya jeshi, lina maandishi ya njano ubavuni. Lilikuwa sanduku la risasi. Mume wangu aliwavuta watoto wote kwa mikono miwili, akapiga kelele kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia katika ndoa hii. Wakubwa walicheka, walidhani anatania. Mimi ndiye niliyekwenda kulifungua. Lilikuwa limejaa vijimidoli na vibandiko. Yeye alikwenda kukaa ndani ya gari, hakusema neno mpaka tumekula.

Katika hekaheka hiyo kitindamimba alijichukulia kobe wa plastiki aliyefungwa kibati chenye namba. Kaka yake akasoma baadaye kwamba vibati hivyo havichukuliwi jumla, vinasafiri. Sasa mtoto halali bila kobe. Na mama mkwe, tangu aambiwe kobe katoka wapi, anasema, "Kitu kilichofichwa na mtu msiyemjua kwenye shina la mti, nanyi mnakileta ndani ya nyumba? Hiyo ni dawa ya mtu. Irudisheni."

Niuache mchezo? Mume ananiambia niamue mimi. Binti ananiuliza kila Ijumaa jioni.

Mama Watatu, Portland

*

Marahaba, Mama Watatu.

Nitaanza na mumeo, kwa sababu nilipofika pale niliiweka barua chini nikaenda kuchemsha chai kwanza.

Mtu wa Uvira akikutana na sanduku la risasi chini ya mti, mikono yake inafanya kazi kabla akili haijauliza swali. Usiwaache watoto wakaligeuza hilo kichekesho cha familia. Alichokifanya ndicho wanachofundishwa watoto wanaokulia karibu na vita: kitu cha chuma usichokijua porini hukigusi, hukirushii jiwe, unarudi kwa njia uliyojia na kumwita mkubwa. Wanao wanakulia Oregon, lakini siku moja mtawapeleka kwa ndugu zao, na kule kanuni ya baba yao ndiyo itakayofanya kazi, si kanuni ya mchezo. Mwombe awaeleze mwenyewe, siku atakayotaka yeye, kwa urefu atakaotaka yeye. Huyu wa miaka 11 ameshafikia umri wa kusikia. Na wamwombe radhi baba yao kwa kile kicheko, hata kama hakikuwa cha ubaya.

Masanduku yale jeshi la Marekani likimaliza kuyatumia huuzwa matupu, na wafichaji wanayapenda kwa sababu ni chuma, kifuniko kina mpira, mvua ya kwenu haipenyi. Kwa hiyo mtayakuta tena. Lakini yanaepukika. Kila kisanduku kina ukurasa wake kwenye programu, una maelezo, picha, na maneno ya waliotangulia. Ukiona neno ammo, yaani risasi, limetajwa mahali popote, kirukeni hicho, tafuteni cha plastiki. Kazi hiyo ya kusoma ukurasa kabla ya kutoka ifanye wewe kimyakimya Ijumaa usiku. Asiombwe kuzoea. Akizoea, atazoea mwenyewe.

Sasa watoto.

Usiuache mchezo, mwanangu. Ila Jumamosi zote tatu mmeucheza wa wakubwa, watoto wakiwa wasindikizaji. Baba alichagua kwa miguu yake, wewe ukachagua kwa petroli yako, hakuna aliyechagua kwa macho ya mtoto wa miaka 7. Mtoto akisikia hazina anaona sanduku lenye kifuniko. Ukimpa karatasi iliyoviringishwa, hata kama wataalamu watakwambia hicho nacho ni kisanduku halali (na ni halali), umemdanganya. Nami ningelia.

Tazama ukubwa kabla ya kitu kingine chochote. Vile vidogo kabisa havifiki mililita 100, ni vichupa vya filamu za kamera za zamani, vingine vidogo kama ncha ya kidole. Humo haingii hata pipi. Saizi inayofuata ni mpaka lita 1, hapo vitu vya kubadilishana vinaanza kuwemo. Ile wanayoiita ya kawaida ni lita 1 mpaka 20, na hiyo ndiyo iliyo kichwani mwa binti yako. Kwa miezi miwili mitatu ya mwanzo msiende kwingine.

Halafu tazama nyota. Kila kisanduku kina nyota za ugumu wa kukitafuta na nyota za ugumu wa njia, moja mpaka tano. Mkiwa na mtoto wa miaka 4, pande zote mbili msivuke moja na nusu. Nyota moja ya njia maana yake hata kiti cha magurudumu kinafika. Alama kwenye ramani iwe ya kijani, hiyo ni ya visanduku vilivyopo palepale namba za latitudo na longitudo zinapoelekeza. Ya rangi ya chungwa itawatembeza vituo viwili vitatu, ya bluu yenye alama ya kuuliza itawataka mfumbue fumbo kwanza. Viacheni hivyo mpaka kifunguamimba aanze kuchoka na rahisi, na atachoka haraka. Mwisho soma tarehe. Kama watu watatu wa mwisho wote wameandika hawakukiona, huenda kimeshaibwa au kimechukuliwa na maji, usiwapeleke watoto kutafuta kitu ambacho hakipo. Kama kimeonekana wiki iliyopita, na aliyekiona kaandika alikuwa na watoto, twendeni.

Na kisiwe zaidi ya nusu kilomita kutoka kwenye gari. Forest Park ina ekari zaidi ya 5,000, haikimbii. Itawasubiri mpaka kitindamimba ashuke mgongoni.

Hayo ni ya kuchagua. La kutafuta ni gumu zaidi, kwa sababu linamtaka mtu mzima akae chini.

Mlizunguka kisiki kwa sababu mliamini simu. Simu ya kawaida hukosea mita tatu mpaka tano hata kukiwa kweupe juu. Chini ya ile miti mirefu ya kwenu, na majani yake yaliyolowa, hukosea zaidi. Kumbuka na yule aliyekificha alipima kwa chombo chake, nacho kikakosea. Makosa mawili yakikutana ni duara pana. Ndiyo maana wazoefu wakibakiza kama mita kumi simu inaingia mfukoni, wanasimama, wanatazama kitu ambacho Mungu hakukipanga hivyo. Vijiti vilivyolala sambamba kama kuni za mpishi. Kipande cha gome kilichoegemezwa kwenye shina. Mawe matatu juu ya shimo ambalo halihitaji mawe. Watoto wanaviona vitu hivi kabla yetu, macho yao yako chini karibu navyo, na hawajazoea kupita bila kutazama.

Kwa hiyo, kanuni ya nyumba yangu nilipokuwa nikiwatoa watoto wa kaka yangu: mkubwa akikiona kwanza, hajakiona. Anatafuta jiwe, anakaa, anamenya chungwa. Kaka yangu aliivunja mara moja tu, akasema, "Si kile pale!", na mtoto wake wa miaka 6 akamwambia, "Basi nenda wewe." Akakataa kutoka kwenye gari kituo kilichofuata. Walichokuwa wakikitaka hakikuwa ndani ya boksi. Walitaka wao ndio wapige ukelele.

Simu nayo iwe na zamu, na zamu isiamuliwe njiani. Kabla hamjashuka garini sema: leo kifunguamimba anaongoza mpaka daraja, binti kutoka daraja mpaka mita kumi. Mkifika, kitindamimba anatafuta peke yake kwanza, wengine wamefumba macho wanahesabu mpaka ishirini kama kombolela. Hatakiona. Si kitu. Mara moja katika kumi atakiona, na siku hiyo utaipata habari yake kwa mwaka mzima.

Huyo wa miaka 11 ana ufalme wa simu kwa sababu hajapewa ufalme mwingine. Mpe huu. Kwenye tovuti, chini ya kurasa za visanduku vingi, kuna dokezo limeandikwa kwa fumbo: herufi 13 za kwanza za alfabeti zimebadilishana nafasi na 13 za mwisho. A inakuwa N, B inakuwa O, na kurudi vilevile. JIWE litasomeka WVJR. Sisi tuliokua tukisemezana kwa kinyume mbele ya wazazi tunaijua raha ya namna hiyo. Programu ya simu hufumbua yenyewe ukiigusa, usimwoneshe. Mfungulie tovuti kwenye kompyuta Ijumaa, mpe karatasi na penseli, aandike lile dokezo kwa mkono, alifumbue, alikunje, alitie mfukoni. Halafu kesho yake, wadogo wakikwama, wanakwenda kwake. Naye anasema, "Kitendawili!" Wakisema "Tega!" anatega. Akiwa na hila, na nadhani ana hila, atawadai mji kwanza.

Kama dakika 20 zimekwisha na hamna kitu, ondokeni. Msisubiri mtu alie. Chagueni kisanduku kilicho karibu na bembea au kijito, ili kushindwa kuwe na mahali pa kwenda. Na muandike kwenye ukurasa kwamba hamkukiona. Watu wengi wanaona haya kuandika, lakini mwenye kisanduku anahitaji kujua, maana huenda hakipo. Wewe mwenyewe Jumamosi ile ya kisiki ungemsaidia kwa mstari mmoja.

Mfuko wa kubadilishana uwe wa watoto, wajaze wenyewe. Desturi ni kuacha kitu chenye thamani sawa na ulichochukua au zaidi. Msiache chakula hata pipi, wanyama watakinusa na kukitafuna pamoja na boksi. Kiberiti, kisu na dawa havitiwi. Vitu vya dukani kila mtu anavyo. Nyinyi mna vitu ambavyo Oregon nzima haina. Sarafu ya shilingi 50 ya Tanzania ina faru, ya 100 ina swala. Kwenu Kigoma hizo zimejaa kwenye makopo, hazinunui kitu cha maana. Mtoto wa Kimarekani akifungua boksi akakuta faru, hiyo ndiyo hazina, na binti yako ndiye atakayekuwa ameiweka. Kauri nazo. Vipande vya kitenge vilivyoshonwa vikawa kijifuko. Niamini, baada ya mara mbili watoto watakuwa na hamu ya kuacha kuliko ya kuchukua.

Kabla ya kuingiza mkono kwenye shimo, chokoa kwa kijiti. Na wafundishe ule mmea wa majani matatu matatu yanayong'aa. Huko kwenu upo mwingi, unawasha mpaka ngozi inatoa malengelenge, na haukutangazii palepale kama upupu, unaweza kungoja mpaka kesho. Suruali ndefu hata kukiwa na joto.

Kuhusu yule mama wa kwenye gari. Sitakwambia ni mawazo yako. Wachezaji wa rangi zote hushukiwa, polisi huitwa, lakini hatushukiwi sawasawa, wewe unajua na mimi najua. Ninachofanya ni hiki: visanduku vya kwenye nguzo za taa, nyuma ya maduka, kando ya shule na kwenye ua wa jirani nimeviacha vyote, hata kama namba zinasema ni halali. Tunakwenda bustani za umma, mchana, kwenye njia inayopitwa na watu wenye mbwa. Hatunong'oni wala kunyatia. Wachezaji wengi wanapenda kujifanya wapelelezi, sisi raha hiyo tumewaachia. Tunasema kwa sauti, watoto wana mfuko wa rangi kali, ukurasa uko wazi kwenye simu. Mtu akiuliza, binti wa miaka 7 ndiye anayejibu, na hakuna anayeweza kumzima. Mtu asipouliza akabaki anatazama, na moyo wako ukakataa, ondokeni. Hakuna kisanduku kinachostahili.

Jambo dogo: akaunti iwe yako, jina la kuchezea lisiwe la mtoto wala la ukoo, na sura zao zisiwekwe kwenye zile kurasa. Ya bure inatosha kabisa kwa kuanzia.

Haya, kobe.

Kibati kile kinaitwa Travel Bug. Mtu fulani alinunua kile chenye namba yake pekee, akamfunga kobe, akamwachia aende zake. Ingizeni ile namba kwenye tovuti, mtaona ametoka wapi, amepita mikononi mwa nani, na mara nyingi mwenyewe ameandika anataka afike wapi. Mnaruhusiwa kukaa naye siku chache, si kumfanya wa kwenu. Mtoto wa miaka 4 haelewi "si chako", lakini anaelewa "ana safari". Fungueni ramani ya alikopita, kitindamimba akiwa mapajani, mwoneshe mstari. Mwambie kobe amelala kwetu kama mgeni, sasa tunamsindikiza. Mgeni wetu hasindikizwi mikono mitupu, kwa hiyo atafute yeye kitu cha kumfungia kobe safarini, hata uzi mwekundu, ila si kitu kizito. Kisha mpe kobe mwingine wa dukani, wa kukaa. Siku ya kumwachia, usiwe wewe unayemtia ndani ya boksi. Halafu kila baada ya wiki mtazame amefika wapi. Msipofanya hivyo mapema kuna mtu mahali fulani anafungua ukurasa kila jioni na kumkuta kobe wake amekwama Portland.

Na hapo utakuwa umemtii mama mkwe pia, maana amesema irudisheni, na kwa hili ana haki, ingawa kwa sababu nyingine. Usimcheke. Nyinyi mnamwambia mtu mzima kwamba wageni wanaficha vitu kwenye mashina ya miti bila malipo, bila sababu, ili watoto wa watu wasiowajua wavipate. Kwa mtu aliyekulia mahali ambapo kitu kikifukiwa shambani kina mwenyewe na kina kazi, habari hiyo inatisha kuliko uchawi.

Mimi ningempa kazi. Nina hakika nyumbani kwenu kuna lile kopo la biskuti la bati, ambalo mtu akilifungua kwa matumaini anakuta nyuzi na sindano. Nyuzi zitolewe. Mama mkwe alitie vitu anavyovijua yeye, karanga (kwa mchezo wa nyumbani zinaruhusiwa), sarafu, ushanga, akalifiche ndani ya nyumba au uani, halafu akae kwenye kiti chake awaambie, "Baridi... baridi... moto!" Aliyewahi kulea watoto anajua kuficha kitu kuliko kijana yeyote mwenye simu, sukari tu amewaficha miaka arobaini. Watoto watazoea kutafuta kwa macho bila kuongozwa na kioo, na yeye atauona mchezo kutoka ndani. Fanyeni hivyo mara mbili tatu kabla ya kurudi bustanini. Siku za mvua, ambazo kwenu ni nyingi, ndio mchezo wenyewe.

Akishakubali, mpelekeni Beavercreek. Mnaishi chini ya saa moja kwa gari kutoka mahali mchezo wote ulipozaliwa na barua yako haijapataja, ndiyo maana nimekuwekea mwishoni. Mpaka mwaka 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikivuruga makusudi mawimbi ya GPS, yale ya kumwonesha mtu mahali alipo, kwa raia, mtu akaweza kukosea hata mita 100. Rais Clinton akaamuru uvurugaji ukome, na usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei ukazimwa. Tarehe 3 Mei, mtu mmoja wa Oregon, Dave Ulmer, alichukua ndoo nyeusi, akaitia vitabu, video, kombeo na vitu vingine, pamoja na daftari na penseli, akaificha pembeni mwa barabara huko Beavercreek, akaandika namba zake kwenye intaneti aone kama kuna atakayeifikia. Ndani ya siku 3 watu wawili walikuwa wameifikia. Leo visanduku vimepita milioni 3, viko mpaka Antaktika. Pale ilipokuwa ndoo pamewekwa bamba la kumbukumbu.

Na ndani ya ndoo ile kulikuwa na kopo la maharage. Hilo usilitaje nyumbani. Mwache mama mkwe asimame pale barabarani, muulize, mtu wa kwanza kabisa kuficha hazina aliweka nini humo. Ataje dhahabu, ataje hirizi, ataje anachotaka. Jibu mpe kitindamimba alitoe.

Nendeni kukikauka, mwezi wa saba ni mzuri. Chai kwenye chupa, mandazi, suruali ndefu, mfuko wa sarafu. Na kalamu, Mama Watatu. Mbili.

Shangazi